Wa Ishirini na Moja

Bi Kuluthum alifariki alfajiri ya siku ambayo serikali ilikuwa na gwaride lake, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa Nakuru miaka ile ya Imajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, hilo lilikuwa kosa lake la kwanza mbele ya sheria. Jingine hakuwahi kuwa nalo. Alikaa Bondeni tangu nyumba zikihesabika, akakaanga vitumbua, akawalea Alamin na Hadiya peke yake baada ya baba yao kufa, na hapakuwa na msiba mtaani ambao hakuulalia. Alichotaka naye afanyiwe kilikuwa kimoja tu, na alikisema mara nyingi hata wanawe wakakizoea kama walivyozoea mlio wa treni.

"Mkishaniinua, msinitue mpaka kaburini. Mimi si gunia la viazi la Kuresoi, niwekwe njiani kungoja lori."

Alikuwa na sababu yake. Siku ya kumzika mumewe, wachukuzi walichoka wakalitua jeneza kando ya njia, na mmoja wao akawasha sigara. Yeye hakuwepo, maana wanawake hawafuati jeneza, lakini aliambiwa, na tangu siku hiyo wale wachukuzi hawakuonja tena kitumbua chake. Alamin, aliyekuwa fundi cherehani na mtu wa maneno machache, alimwapia mama yake kwamba yeye atapita mikononi mwa watu mpaka kaburini, hatagusa ardhi. Alimwapia kwa urahisi. Ni ahadi gani nyepesi kuliko hiyo, katika mtaa ambao jeneza likipita hata mwenye duka huacha wateja akakimbilia kutia bega?

Lakini bega nalo lilikuwa limeingia kwenye sheria. Watu wakizidi wachache wakitembea, hayo ni maandamano. Wakisimama, huo ni mkutano. Na vyote viwili vilitaka kibali cha boma. Kwa hiyo badala ya kukaa karibu na mama yake akioshwa, Alamin alivaa koti akaenda kusimama mbele ya meza ya Naftaly.

Naftaly alikuwa karani wa vibali. Kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, nywele zilipakwa mafuta, na uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Hakumpa mfiwa pole. Alivuta fomu.

"Notisi ni siku tatu," alisema. "Ungekuja juzi."

"Juzi alikuwa mzima, bwana karani. Alikuwa akikaanga vitumbua."

"Basi hapo ndipo mlipokosea." Akachovya kalamu. "Bendera zitakuwako?"

"Ni maziko, bwana."

"Nimeuliza bendera."

"Hapana."

"Ngoma? Hotuba?"

Alamin, kwa ule ujinga wa mtu asiyezoea kusema uongo, akaeleza kwamba hotuba hakuna, ila sheikh atasoma talkini kaburini.

"Atawaambia watu nini?"

"Hawaambii watu. Anamwambia marehemu. Anamkumbusha majibu, maana malaika watakuja kumhoji."

Naftaly akainua macho kwa mara ya kwanza. "Malaika wa idara gani?"

Hakuwa akitania. Utani haukuwamo mwilini mwake. Alamin alimtazama yule mtu aliyezaliwa na mama, na ambaye mama yake huyo naye atakufa siku moja, akaona kinyaa kikimpanda. Alikimeza. Kibali kilikuwa hakijatiwa sahihi.

Sahihi ilikuwa ya bwana kijana wa Kizungu aliyetoka chumba cha ndani na kikombe cha chai mkononi. Alisoma fomu amesimama.

"Leo iko mgeni mkubwa, iko gwaride," alisema. "Wewe hapana pita barabara kubwa. Pita nyuma, njia ya machinjio. Kata barabara moja tu, kwisha. Watu ishirini. Hapana piga kelele."

"Bwana, jeneza huendeshwa na tahlili. Ni kumtaja Mungu tu."

"Taja kwa roho," alisema yule bwana, akanywa chai yake.

Njiani kurudi, Alamin aliliona gwaride likiandaliwa. Malori yalikuwa yakishusha watu waliotolewa mashambani, watu waliokuwa hawajui mgeni ni nani wala amekuja kufanya nini. Askari wakawapanga kando ya barabara na kuwapa vibendera vya karatasi. Watoto wa shule walikuwa wakijifunza kushangilia, na mwalimu akiwagombeza kwamba hawafurahi sawasawa. Nusu ya Bondeni nayo ilikuwa imekwisha kutolewa majumbani na kusimamishwa pale. Hao wote hawakuhitaji kibali. Kumbe tatizo halikuwa wingi wa watu hata kidogo.

Aliporudi nyumbani, Hadiya alikuwa amekwisha kumwosha na kumvisha mama yao sanda. "Ishirini?" alisema. "Mama aliwalisha watu wangapi mtaa huu?"

Na hapo ndipo uchafu ulipoanza kwelikweli. Mtu angedhani watu waliokatazwa kitu pamoja watashikana. Wapi! Neno ishirini lilipotajwa barazani, watu wazima waligombea nafasi kama wanaogombea kiti cha mbele harusini. Wa kwanza alikuwa Farah, mwenye maduka mawili na lori, ambaye tangu ukumbi wa mji uanze kumwalika kwenye vikao vyake alikuwa amesahau njia ya kuja kwa Bi Kuluthum. Leo alikuwa mwana wa marehemu kuliko Alamin. Alisema si vizuri boma lisikie maziko makubwa yamepita bila yeye. Nyuma yake wakaja wengine wa aina yake, wenye makoti, wakitajiana udugu ambao marehemu mwenyewe angeucheka. Mchukuzi wa maji aliyekula vitumbua vyake kila asubuhi, na mzee kipofu aliyemsomea mumewe khitma, walisukumwa mpaka uani. Alamin alitaka kusema. Alitazama jua, akaona halimngoji, akanyamaza. Mtu aliyepitisha asubuhi nzima akimeza, alimeza na hilo.

Walimswalia baada ya alasiri, wakamwinua.

Waliikamata njia ya machinjio kimyakimya. Harufu ya damu iliyooza na vumbi la chumvi kutoka ziwani viliwajaa puani, na nzi wakawafuata. Jeneza lisilo na tahlili ni kitu kibaya kukisikia: unasikia viatu, unasikia mbao zikilia, unasikia watu wakipumua. Alamin alikuwa kwenye mti wa kubebea jeneza, mbele upande wa kulia, na kila hatua alimwambia mama yake moyoni, twende, twende, hatutui. Walifika pale njia inapokata barabara kubwa. Kamba ilikuwa imefungwa, na kando ya kamba walisimama Koplo Kimaiyo wa polisi na Naftaly mwenyewe, na nakala ya kibali mkononi.

Kimaiyo alikuwa mtu mtaratibu. Aliwahesabu kwa kidole, mara mbili.

"Ishirini," alisema. "Wapite."

"Na aliye juu?" aliuliza Naftaly.

Kimaiyo hakuelewa. Hakuna aliyeelewa.

"Aliye juu ya mabega," Naftaly alisema, akigonga karatasi kwa ukucha. "Kibali kinasema watu ishirini. Hakikusema walio hai. Huyo si mtu?"

"Karani," Kimaiyo alisema polepole, "huyo ni maiti."

"Ya mtu au ya mbuzi? Mwandike basi kwamba ni mbuzi, mimi nitapitisha. Hapa mko ishirini na mmoja. Mmoja atoke. Na mwenye kibali hatoki, maana yeye akitoka kibali kimekufa."

Kutoka upande wa stesheni, bendi ilikuwa imeanza kupiga. Mabega yalikuwa yakiwaka moto. Alamin aligeuza kichwa kadiri mti ulivyomruhusu, akawatazama wenzake wale waliogombea nafasi. Mmoja tu. Mtu mmoja kupiga hatua mbili pembeni, na Bi Kuluthum apite. Kila aliyemtazama alitazama chini. Farah alishikwa na kikohozi.

"Farah," Alamin alisema.

"Mimi nitaonekanaje, ndugu yangu?" Farah alinong'ona. "Wanioneje watu nikifukuzwa kwenye maziko? Mwambie huyo wa nyuma."

Na wa nyuma naye akasema amwambie wa kando. Kile kinyaa alichokimeza tangu asubuhi kilirudi chote kwa pamoja, na safari hii hakikukubali kumezwa. Kilikuwa cha Naftaly na cha yule bwana wa chai, lakini zaidi kilikuwa cha hawa aliowaleta mwenyewe kwa kunyamaza kwake. Alikumbuka ahadi. Alikumbuka pia kwamba jua likizama amri ya kutotoka nje itaanza, na mama yake atarudishwa nyumbani alale kucha hajazikwa. Hapakuwa na njia ya tatu.

"Songeni mbele," alisema. "Vukeni kamba."

Kimaiyo aliilegeza kamba, wakavuka. Walipofika katikati ya barabara kubwa, pale pale ilipokuwa imefagiwa kwa ajili ya mgeni, Alamin akasema, "Mtueni."

Hakuna aliyetaka kuamini. Alirudia kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Akainama wa kwanza. Miguu ya jeneza ikagusa lami, ikatoa mlio mdogo, na mlio huo Alamin aliusikia mpaka kwenye meno.

"Haya, kandoni nyote," aliwaambia. Kisha akamgeukia Naftaly. "Sisi tuko ishirini, bwana karani. Tuhesabu tena. Wa ishirini na moja huyo hapo. Ni mtu mmoja, hana bendera, hana ngoma, hapigi kelele. Mtu mmoja barabarani si maandamano. Kaa naye."

Bendi ilikata kona. Nyuma yake lilionekana gari jeusi lililofunguliwa juu, likija polepole. Naftaly alitazama bendi, akatazama jeneza, na mafuta ya nywele yakaanza kumtiririka shingoni.

"Mchukueni!" alisema.

"Tutazidi."

"Nimesema mchukueni, mimi nawaruhusu!"

"Sahihi si yako."

Mwenye sahihi alikuja mbio, kofia mkononi, uso umeiva. "Nani naweka hii hapa? Naftaly! Nini hii?"

Naftaly alijaribu kueleza hesabu yake. Aliieleza vibaya, na hata angeieleza vizuri isingeelezeka. Yule bwana alimtukana kwa Kiingereza, kisha akawapigia kelele askari watoe ile maiti. Askari walimtazama Kimaiyo. Kimaiyo alivua kofia, akaishika kifuani, akasimama hapo hapo.

"Toa! Toa upesi!" Bwana sasa alikuwa akimpigia kelele Alamin.

"Watu wangapi, bwana?" Alamin aliuliza.

"Watu wote! Chukua watu wote!"

Neno wote lilisikika upande wa pili wa barabara. Bondeni nzima iliyopangwa pale kushangilia ililisikia. Wa kwanza kuitupa bendera alikuwa yule mchukuzi wa maji, ambaye alikuwa ametolewa uani na kupangwa barabarani kama wengine. Wa pili hata Alamin hakumjua. Walikuja kwa mbio, wakaja na wa mashambani wasiojua marehemu ni nani, ila walijua jeneza likipita hufanywa nini. Bi Kuluthum aliinuliwa mara moja, akaenda juu ya mikono, na tahlili ikapasuka hata bendi ikapotea ndani yake. Vibendera vya karatasi vilibaki chini, mgeni mkubwa akapita akiwapungia mkono watoto wa shule na barabara tupu.

Mti wa mbele, upande wa kushoto, ulikuwa umeshikwa na Farah. Alikuwa amewasukuma watu ili aupate.

Walimzika jua likiwa bado lipo. Talkini ilisomwa, na Alamin akiisikiliza alijiuliza mama yake akiulizwa jinsi alivyofika pale atajibu nini.

Jioni, barazani, Farah alikuwa akisimulia. Alisimulia vizuri, alikuwa na kipaji hicho. "Tuliwakomesha!" alisema, akijipiga goti. "Tukamweka pale, nikamwambia yule karani, haya, kaa naye!" Watu walicheka, katika nyumba ya msiba, wakapokea kahawa. Kesho yake hadithi ingefika sokoni, na kesho kutwa ingekuwa ushindi wa mtaa mzima.

Alamin aliingia ndani. Hadiya alikuwa na birika na bakuli la kunawia, akiwapitishia wageni kabla ya chakula. Alikuwa hajasikia kisa chote, maana habari za baraza huchelewa kufika upande wa wanawake. Akamshikia kaka yake birika.

"Wanasema watu walijaa," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini usoni alikuwa na utulivu. "Alhamdulillahi. Na hamkumtua?"

Alamin aliiweka mikono juu ya bakuli.

"Nilimtua," alisema. "Mimi mwenyewe. Barabarani."

Hadiya aliitazama ile mikono. Kisha akaliinamisha birika. Maji yakateremka, Alamin akanawa, akasugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akarudia viganja. Nje Farah alikuwa amefika tena kwenye kile kipande cha karani, na watu wakicheka. Birika lilikwisha.

"Ongeza," alisema Alamin.