Shubiri ya Dubu

Shubiri imepondwa, imo kikombeni, na Atuganile amelala. Alisema anafumba macho kidogo tu, Lusajo akiwa bado ananyonya, lakini usingizi wa mchana hauna adabu. Saa kumi mama mkwe anaondoka na mtoto kwenda kumwachisha ziwa, na hii ni mara ya tatu. Mara mbili zilizopita Atuganile aliwakimbilia njiani akamrudisha mtoto, majirani wakicheka.

Anatembea. Barabara inapita katikati ya mashamba ya chai, chai inageuka theluji, theluji haina mwisho, na mbele yake yupo mtu aliyejifunga kitenge cha mama mkwe, ila akigeuka hana uso. Mama, tunakwenda wapi? Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Kajifungua usingizini. Atuganile hajui, naye mwenziwe hasubiri kupewa mji. Anamwonyesha tundu ubavuni mwa mlima, na ndani amelala dubu jike, manyoya ya kahawia yenye ncha za mvi, na kifuani pake vitoto viwili visivyofika hata kilo, macho hayajafumbuka, vinanyonya vikivuma kama nyuki. Mama yao hajala tangu majani yapukutike. Hajala, na maziwa anayo! Atuganile anamwonea huruma, anajishika titi. Barabara inakunja, na kila kona ni msimu mzima. Kona hii dubu anachimba mizizi, wanawe wanamwiga. Kona ile anavua samaki mtoni, wao wanaambulia kulowa. Kona nyingine linatokea dume, na dume huua watoto, basi mama anaguna, wanawe wanaparamia mti, naye analikabili peke yake mpaka linaona bora liende zake. Hongera, mwanamke mwenzangu! Halafu barabara inazunguka, inarudi palepale pangoni, kiangazi cha tatu, na dubu anawangurumia wanawe mwenyewe. Wanadhani utani. Anawakimbiza kweli, wanakwenda wakigeuka nyuma, wanakwenda. Mbona unawafukuza na unawapenda? Dubu anasimama kwa miguu miwili, pua juu, ananusa upepo muda mrefu. Kitendawili, anasema asiye na uso. Nampenda, namfukuza. Atuganile analia, maana hiki anakijua.

Mama Lusajo, amka, saa kumi hii. Mama mkwe ana uso wake wote, na kitenge kilekile, pindo limelowa. Siamki, mama. Umeshaamka, mwanangu. Atuganile anachovya kidole kikombeni, anajipaka titini. Lusajo anarudia titi, anakunja uso, anamtazama kama mtu aliyedanganywa. Chungu! Ndiyo, baba, chungu. Nenda na bibi.

Wanashuka kwenye chai, mtoto mgongoni mwa bibi yake, analia, anageuka nyuma. Miguu ya Atuganile inataka kukimbia, anaikatalia. Anasimama mlangoni, pua juu, na upepo unamletea harufu ya kichwa cha mwanawe, maziwa na mafuta ya nazi, kisha kidogo, kisha chai tupu. Kwenye kanga yake umenasa unyoya mrefu wa kahawia, ncha yake ya mvi. Anaitazama barabara, hajui ni hii ya chai au ile ya theluji, na bado ananusa.