Dakika Hamsini za Kubadili Ndege

Miaka kumi na minane nawakatia watu tiketi za ndege, na ndege yenyewe nimeipanda mara mbili tu. Umbali naujua kwenye kompyuta. Kutoka mji anakofanya kazi mdogo wangu mpaka huu wetu ni kilomita elfu nane na ushee. Angani ni saa kumi na moja, ila lazima ushuke katikati ubadili ndege, na kule kusubiri ndiko kunakoua watu. Mimi nina sifa ya kupunguza kusubiri huko. Wateja wananiita Mama Chapchap, na nilikuwa napenda, mjinga mimi.

Baba alipangiwa kupasuliwa moyo Alhamisi, saa nne asubuhi. Daktari hakutuficha: huenda asiamke. Baba aliomba jambo moja tu, amwone kwanza mdogo wangu, ambaye hawajaonana naye miaka sita.

Safari zilikuwa mbili. Moja ya saa ishirini, ya kumfikisha Jumatano jioni. Nyingine ya saa kumi na mbili, ya kumfikisha Alhamisi saa mbili asubuhi, dakika hamsini za kubadili ndege. Nikasema, ya nini mtu akae saa tisa kwenye kiti cha chuma? Nikamkatia ya pili. Hata kumuuliza sikumuuliza, mkono ulishazoea.

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, simu ikaita.

"Dada, wamefunga mlango. Ile ya kwanza imechelewa nusu saa. Nimekimbia mpaka basi."

"Inayofuata?" Niliuliza bure, jibu nilikuwa nalo kichwani.

"Nafika saa nane mchana."

Nilimbembeleza daktari, akasema moyo wa mzee hauna saa nne za kungoja. Nilichoka hata hasira zikanishinda kubeba. Baba nilimkuta ameshavalishwa gauni la kijani, meno ya bandia yamo kikombeni.

"Ametua?"

"Ametua, baba. Anangoja mzigo wake."

Akanitazama weee, kisha akacheka kwa ufizi.

"Mwanangu, nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Kila nikimpigia marehemu mama yako namwambia nimeshafika karibu, kumbe nina kilomita mia tano mbele."

Nikalia. Akanipapasa mkono, mimi mwenye kosa ndiye ninayebembelezwa.

"Usimgombeze. Mwambie asikimbie," akasema, na nesi akasukuma kitanda.

Saa sita na nusu daktari alitoka, akakaa kwenye benchi kando yangu. Nikajua.

Saa nane nilikuwa uwanja wa ndege, pale wanapotokea abiria. Mdogo wangu alitokea mbio, begi likimpiga mgongoni, kamba za viatu zimefunguka, anapita watu huku akiomba radhi.

"Tutamuwahi?" akaniuliza.

Nikapiga magoti, nikamfunga kamba.

"Baba kasema usikimbie," nikamwambia.