Uboho wa Shemeji

Mambo yaliharibika siku ya tatu ya Pongal, sikukuu ya mavuno, asubuhi, wali wa manjano ukiwa bado wa moto. Ponni alikuwa uani akiwawekea kunguru matonge juu ya jani la mgomba, huku akimwombea heri kaka yake, kama afanyavyo kila dada siku hiyo. Alipoinua mikono, ngozi ya viganja ikabaki kwenye wali. Kunguru wakala wali, ngozi wakaiacha.

Kaka mwenyewe, Kathir, alikuwa mbali, kiwandani Tiruppur. Lakini uboho wake ulikuwa ndani ya mifupa ya Ponni tangu mvua zilizopita, ulipopandikizwa ili apone saratani ya damu. Uliposikia ukiombewa, ukatoka, ukaketi barazani: kijana mnene, sura ya Kathir kabisa.

"Karibu," alisema Velusami, mumewe Ponni. "Chai?"

"Baadaye, shemeji. Nimeletwa nilinde nyumba hii, nayo imejaa wageni. Ngozi siijui. Ini silijui. Nawatoa."

"Hao ndio wenyeji, we mpumbavu!"

"Kila mgeni husema hivyo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakuwahi kulazwa wadi ya waliopandikizwa uboho. Dawa ya kumtuliza mgeni wa namna hii ipo, na daktari alishaiandika. Duka la hospitali likasema bima ya serikali hailipii dawa hiyo. Velusami akawachukua Ponni na kijana hadi kwa mkubwa wa bima.

Mkubwa akamvutia kijana kiti, akamwagizia kahawa. Ponni alisimama, macho mekundu, makavu, hayana hata chozi la kulilia.

"Mzee, sisi tunalipia kupandikiza. Na kumefaulu. Si unaona alivyonona?"

"Na mke wangu?"

"Huyo hayumo kwenye mpango."

"Ila kitambi chako kimo."

Wakaonyeshwa mlango.

Utumbo ulitolewa kwanza, kisha ini. Kijana hakuwa na ubaya. Kila alichokitoa alikipangusa, akakiweka barazani taratibu. Ponni alimpikia mpaka mikono ikakataa.

"Usimfokee," alimwambia mumewe. "Ni ndugu yangu."

Kathir alifika na sari mpya, maana kwao mwanamke akifa huvishwa na kaka yake. Kijana alikuwa akifagia. Mwili ulipotolewa, aliusindikiza hadi kizingitini, akamgeukia Velusami.

"Shemeji, wageni wote nimewatoa. Mbona mwenye nyumba haji?"