Kitanda cha Jabalini

Fundi baruti alikuwa anapiga mswaki uani siku ofisa wa wanyamapori alipokuja kumuuliza mkewe swali moja. Mkewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndege. Kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni mwa korongo na darubini, akimwangalia tai aliyejenga ng'ambo ya mto, kwenye jabali lile lile ambalo kampuni ya kokoto ilikuwa inalitaka. Mume alikuwa analipua, mke analinda, na jioni walikula sahani moja. Sheria ilisema baruti isipigwe karibu na tai anayelea kinda.

"Dada," ofisa akauliza, "huyu ndege wako, watu wa huku wanamwitaje?"

Mkewe alikuwa mtu asiyeweza kudanganya hata mgonjwa. "Wanamwita mwewe," akasema. "Lakini watu wa huku kila kinachonyakua kifaranga wanakiita mwewe. Yule ni tai."

Ofisa alikwisha funga kalamu yake. Tai ana sheria, mwewe hana. Mwewe ni mwizi wa kuku, na nani analinda mwizi? Aliaga vizuri, akamwambia mke wa fundi kwamba darubini ataipitia siku nyingine, kwa kuwa kazi ya kumlinda tai asiyekuwepo ilikuwa imekwisha. Fundi alisukutua akatema. Maji yalikwisha kumwagika.

Asubuhi iliyofuata, ukuta wa nyuma ya kitanda chao ulikuwa jabali. Chokaa iliishia usawa wa dirisha, na kutoka hapo lilikuwa jiwe jekundu lenye nyufa, likipitisha upepo wa mto. Juu kidogo ya mito yao palikuwa na kiota cha vijiti, na ndani yake tai jike amemfunika kinda mweupe. Mkewe alisogeza chandarua. Fundi aliuliza kama shati lake la kazi limekauka.

Kuishi na tai si kazi, ila kwa mashuka. Mifupa ya pimbi iliwadondokea usingizini, na manyoya yake yaliingia mpaka kwenye viatu. Tai dume alitokea upande ule wa jiwe alfajiri, na mawindo mguuni, bila hodi.

"Mgeni siku mbili," fundi alinung'unika, "siku ya tatu mpe jembe."

"Mpe basi," mkewe akajibu. "Kucha za kulishikia anazo."

Kule korongoni nako pengo halikubaki wazi. Mahali pa kiota palionekana kitanda chao, blanketi lao la mistari, na shati likining'inia msumarini. Wachimbaji walikiona wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Fundi, leo hujatandika!" Tangu siku ile fundi hakutoka nyumbani bila kutandika.

Bosi alikitazama kitanda kwa muda. "Kiota hakipo," akasema. "Kuna kitanda. Sheria ya kitanda mimi siijui. Toboeni matundu."

Fundi aliteremka kwa kamba akajaza baruti mwenyewe. Alishindilia tundu la mwisho karibu kabisa na upande anaolala mkewe. Kinda alisikika akilia, ingawa upande ule hakuonekana. Fundi alikuwa anamjua vizuri. Manyoya meusi yalikuwa yameanza kumwota, na asubuhi ile alikuwa amesimama ukingoni mwa kiota akipigapiga mbawa, akamwangushia saa yake ya mezani.

"Bosi, tungoje basi kinda aruke," alisema alipopanda juu. "Amekaribia."

"Mwewe ni wengi, fundi. Na mafundi pia ni wengi."

Siku ya kulipua, king'ora cha kwanza kilipolia, fundi aliinua darubini ya mkewe. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, amekipa kiota mgongo, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu hospitalini. Fundi alimpigia simu.

"Toka humo."

"Kinda hajaruka."

"Mke wangu, nakuomba. Baruti nimeijaza mimi mwenyewe."

"Basi unajua ilipo. Kaitoe."

King'ora cha pili kikalia. Bosi alisimama nyuma yake akitazama saa.

"Nimekataa," fundi alisema kwenye simu. "Wameahirisha. Niko getini hapa, njoo unifungulie."

Nyumba ile haikuwa imezoea uongo. Kwenye darubini alimwona mkewe akisimama, akinyoosha shuka mahali alipokuwa amekaa, kisha akitoka. Kitanda kikabaki kitupu. King'ora cha tatu kililia na fundi akabonyeza. Alibonyeza kwa kuwa alimpenda mkewe kuliko tai yeyote, na kwa kuwa bosi alikuwa nyuma yake. Mpaka leo hajaweza kuzitenga sababu hizo mbili.

Aliporudi, mkewe alikuwa bado getini, kufuli mkononi. Chumbani ukuta ulikuwa wa matofali tena, chokaa yake nzima, bila hata ufa. Juu ya mito palikuwa na vumbi jekundu na unyoya mmoja mweupe. Mkewe alikung'uta mashuka.

"Ulisema uko getini," alisema.

"Nilisema."

Fundi angefurahi kama angetukanwa, lakini alipakuliwa chakula, na nyama ikiwa nyingi upande wake.

Tai wale hawakuhama. Kila alfajiri dume alidondosha pimbi juu ya bati, palepale juu ya kitanda, na jike akakaa kwenye kona ya paa akiutazama ukuta. Ndivyo ofisa alivyowakuta alipofuata darubini yake. Alisimama getini mdomo wazi, akatoa simu ya kupigia picha.

"Lo! Tai huyo! Tai mwenyewe kabisa! Hapa pote inabidi palindwe. Kiota chake kiko wapi?"

Fundi alifungua kinywa, lakini mkewe alimtangulia.

"Si tai huyo, bwana," akasema mwanamke yule asiyeweza kudanganya hata mgonjwa, akimkabidhi darubini. "Huku tunamwita mwewe."