Mgongo wa Amon

Hadi saa nne asubuhi foleni ya vibali vya ukaazi pale Njombe ilikuwa haijasogea hata hatua tano, na baridi ya Juni ilikuwa inang'ata masikio. Abdulatif, mpiga picha aliyehamia kutoka Malawi miaka kumi na minane iliyopita, alikuwa na fomu mkononi. Pembeni yake alisimama Amon, kuli wa viazi wa Makambako aliyekubali kumdhamini. Kibali kikikataliwa leo, ni kufunga studio na kurudi kwa ndugu ambao wengi wamekwisha kufa.

Ndani, afisa Filbert aliisoma fomu, akacheka.

"Kazi: msanii. Mzee, unaimba? Una kikundi cha ngoma?"

"Napiga picha."

"Basi andika mpiga picha wa biashara, kama zamani. Nakupa miaka miwili sasa hivi."

Biashara! Tangu soko huria liingie na picha za rangi zimwagike kutoka Dar, nani alikuwa anamfuata Abdulatif na nyeusi na nyeupe zake? Mwaka jana aliliondoa pazia la nyuma la studio lililochorwa ndege, akaanza kuwapiga picha watu wakiwa kazini, bila kuagizwa na mtu. Njaa ilimtia adabu, ni kweli, lakini hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Alitoa picha moja kwenye bahasha: mgongo wa mtu chini ya gunia la lumbesa lililojazwa kupita kiasi, shingo imezama, jasho limechora mifereji.

"Huyu nani? Mbona hana uso?"

"Ni mimi, bosi," Amon alisema.

"Uliagiza? Ulilipa?"

"Wala. Nilipoiona nilimtukana. Mtu anapigwa picha ya uso, bwana! Lakini mke wangu akasema, kumbe ndivyo unavyotutafutia. Akalia. Tangu siku hiyo ananikanda mgongo kila jioni."

Filbert alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Fomu yake tu haikuwa na mstari wa jambo kama hilo.

"Mzee, badilisha neno moja. Moja tu!"

Abdulatif alishika kalamu. Aliishusha hadi kwenye neno msanii. Kisha akairudisha mezani.

"Neno hilo nimechelewa sana kulipata, bwana mkubwa."

Filbert akaandika: hana kazi, aondoke ndani ya siku kumi na nne. Akaiweka picha juu ya fomu iwe kielelezo, akaziingiza kwenye mashine ya kutobolea karatasi, akakandamiza. Matundu mawili yakapita katikati ya mabega.

Amon alisogea mezani, akayatazama.

"Umenitoboa, bosi."

"Anayefuata!" Filbert aliita.