Miguu ya Docus

...na bado anapiga, kisigino kile kile, pale pale kwenye mfupa wa nyonga, polepole lakini bila kuacha, na Beldina, aliyembeba dada yake mgongoni, akasema moyoni tulia Docus, tulia kidogo basi, maji nimekunywesha, nyuma ya ukuta wa choo nimekupeleka, mate nimekufuta, kitenge nimekifunga upya kisikukate mapajani, sasa unataka nini tena, lakini kwa mdomo alisema tu, "Vumilia, karibu wanaanza kuhesabu," bila kugeuza shingo, maana shingo yenyewe ilikuwa imekakamaa, watu wanamwona Docus mdogo wanadhani ni mwepesi, mtu wa miaka ishirini si mwepesi hata akiwa na miguu ya mtoto, na hata hapa kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa joto la Mpumudde linapanda kutoka chini, linaingia kwenye sketi, na mstari wa Afande Geresom hausogei, utasogea vipi, mstari wa kura hauendi popote, unasimama nyuma ya mtu unayemtaka mpaka uhesabiwe, ndiyo kura yenyewe hiyo, hakuna karatasi wala sanduku, una mgongo wa mtu mbele yako na pumzi ya mtu nyuma yako... na kule mbele Bwana Emma, msimamizi aliyeletwa na kata, anapuliza kipaza sauti chake tena kana kwamba kina vumbi, anasema, "Sikilizeni vizuri, nisije nikalaumiwa. Leo tunachagua mjumbe wa walemavu, hatuchagui mjumbe wa kubeba. Aliyebebwa ni kura. Aliyebeba si kura. Mwenye kubeba leo si mtu, ni baiskeli tu," na uwanja mzima ukacheka, hata Geresom kule mwanzo wa mstari alicheka juu ya magongo yake mawili, suruali ya upande mmoja imekunjwa na kubanwa na pini, na Beldina hakucheka, haya, baiskeli, asante, baiskeli iliyokuwa ya tatu darasani kwa hesabu, baiskeli iliyofika kidato cha pili na mwalimu wa Kiingereza akamwambia baba yake huyu mtoto msimpoteze, na wakampoteza, si kwa ubaya, hakuna aliyemfanyia ubaya, hapo ndipo anapochoka kabisa, angepata hata mtu mmoja wa kumkasirikia angepumzika, lakini mama alikwenda tu Mbale kumuuguza bibi, akasema nitarudi akiinuka, na bibi hajainuka wala hajafa, na asubuhi ya pili baba akiwa anapaka buti zake rangi kabla ya kwenda zamu gerezani akasema bila kuinua kichwa, "Lazima mtu abaki na Docus," na mtu huyo alikuwa amesimama pale na daftari kwapani, na mtu huyo hakuulizwa neno.

Anapiga tena. Mwache apige. Kabla ya saa sita watakuwa wamehesabiwa, Geresom atashinda, mtu yeyote mwenye macho anaona, mstari wake umefika mpaka dirisha la darasa la mwisho, na upande wa pili wa uwanja, kwenye jua, mstari wa Mastula ni watu wachache wamekaa chini, wengi wao hawana wa kuwabeba, wamejikokota wenyewe, na askari mmoja wa magereza aliyekuja kuangalia tu amekwisha kuwatania, "Huo ni mstari ama ni mkeka?" na Mastula mwenyewe akamjibu kutoka chini, mikono ndani ya kandambili, maana ndivyo anavyotembea tangu polio ilipomkamata utotoni, kwa mikono, "Ni mkeka, afande, njoo ukae, buti hizo zinakuumiza," na watu wakacheka pia, anajua kujibu yule mwanamke, anauza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kwenye stendi ya Mafubira na anajibu makonda siku nzima, lakini kujibu ni kitu kingine na kusaidia ni kitu kingine, Geresom atasaidia, Geresom mguu wake uliliwa na bomu la ardhini kule kaskazini na wakubwa wanamjua, alikuja nyumbani kwao kwenye kota za magereza siku ya Jumapili, akanywa chai, akasema kuna kituo Mbale wanachukua watu kama Docus, wanalala huko, wanakula huko, wanafundishwa kufuma sweta kwa mashine, "Nikipata kiti, mtu wa kwanza kuingia ni huyu," akaonyesha kwa gongo mkekani alipolala Docus, na baba akasema, "Umesikia, Beldina?" na Beldina alikuwa amesikia, oo alisikia sana, jioni ile ile aliitoa sketi ya shule chini ya godoro, akafumua pindo maana urefu wake umeongezeka, akaishona upya karibu na taa na akamwona Docus anamtazama, anaitazama sindano inavyoingia na kutoka, na Beldina alimchekea, akamwambia utaona Docus, mambo yatakuwa mazuri, na sasa ndipo anakumbuka kwamba hakuna aliyesema umesikia, Docus... lakini Docus alikuwa pale, masikio yake ni mazima, alisikia kama wengine, si lazima kila kitu kisemwe mara mbili.

Kisigino. Ni siafu labda, labda wadudu wamepanda kwenye kitenge, akamwuliza, "Wadudu?" na kidevu cha Docus kikamgusa begani na kuondoka, na hiyo ni hapana, kidevu kikikaa ni ndiyo, kikiondoka ni hapana, hilo analijua, anajua yote ya Docus, jirani zao kwenye kota wanasema Beldina ndiye mdomo wa Docus, na ni kweli, maneno ya Docus yanatoka polepole, taya inakwenda pembeni, shingo inajivuta, sauti inakuja kutoka mbali, mtu mgeni hana subira hiyo, lakini Beldina huyajua yakiwa bado nusu njia na huyapokea, kama unavyompokea mtoto sufuria kabla hajaimwaga, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa yule yule Mastula, ambaye naye alikuja kuomba kura siku ya Jumanne, akaacha trei yake mlangoni, akaingia kwa mikono yake mpaka kwenye mkeka, hakumsalimia hata baba kwanza, akasema, "Docus, mimi naitwa Mastula. Ukiambiwa uombe kitu kimoja hapa Mpumudde, wewe utaomba nini?" akangoja. Taya ya Docus ikaanza kazi yake. Beldina akapokea, akasema, "Anaomba kwenda Mbale, kwenye kituo," na Mastula bila kumtazama akasema, "Sijakuuliza wewe, mwanangu," kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomchoma, mtu anaingia nyumbani kwako, nyumba unayoifagia wewe, anamtazama dada unayemwogesha wewe, anakuambia hivyo, na akaendelea kungoja, anangoja tu, kama mtu ambaye hana trei mlangoni wala inzi juu ya trei, mpaka uji ukafurika kwenye sigiri nje na Beldina akatoka mbio, na aliporudi na mwiko mkononi wale wawili walikuwa wanacheka, Docus anacheka mpaka mabega yanaruka, akauliza, "Amesema nini?" na Mastula akasema, "Ameniambia. Muulize mwenyewe," na hakumuuliza. Siku ile hakumuuliza kwa hasira. Kesho yake hakumuuliza kwa kazi. Halafu baba akasema mtasimama nyuma ya Geresom, nimeshampa neno langu, na basi, swali likawa halina kazi tena, ukishajua pa kusimama unauliza nini...

"Nulu, mimi hapa niko nyuma ya nani?" ndiyo sauti iliyotoka nyuma yake, sauti ya Mzee Mugweri, kipofu anayesuka vikapu barabarani kuelekea Buwenge, ameletwa na mke wa mwanawe, wameshika fimbo moja, yeye ncha hii na Nulu ncha ile, kwa sababu mkwe hamshiki baba mkwe mkono hata kama haoni, na Nulu akajibu, "Nyuma ya Afande, mzee." "Nani alisema mimi nataka Afande?" "Mzee, huko kwa Mastula jua ni kali sana. Hapa kuna kivuli." "Kivuli," akasema mzee, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Mimi nimetoka nyumbani kuchagua mtu, wewe umenichagulia kivuli." Watu wa karibu wakaanza kucheka chini chini na Nulu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeacha nguo zimeloweka nyumbani, "Vumilia, mzee, karibu wanaanza kuhesabu," na Beldina akasikia baridi masikioni, maana hayo yalikuwa maneno yake, yale yale, kwa mpangilio ule ule, yametoka kwenye mdomo wa mtu mwingine na kumbe yanasikika hivyo, kumbe ndivyo yanavyosikika ukiwa wewe ndiye wa kuambiwa... na mzee akageuka, akavuta ncha yake ya fimbo, akaanza kutembea kuelekea kwenye sauti ya Mastula kule juani, na Nulu ama aachie ama afuate, akafuata, ameshika ncha yake, kichwa chini, na Bwana Emma akasema kwenye kipaza sauti, "Mzee, unahama?" na Mugweri akajibu, "Sihami. Ndiyo nafika," na Geresom akamwita kwa utani, "Mzee, umeniacha?" "Usilie, afande, wewe una baiskeli nyingi."

Wakacheka sana. Beldina akaangalia mbele yake. Mgongo wa mwanamke aliyembeba mwanawe mkubwa. Mbele yake kijana anayesukuma toroli yenye mama yake ndani. Mbele yake tena, mtu amemshika mtu. Baiskeli na baiskeli na baiskeli, na juu ya kila moja mtu ametazama anakoelekezwa, na yeye akamtazama yule mwana mkubwa wa yule mwanamke akaona shingo yake imegeuka kulia, anaangalia jua kule... na kisigino kikapiga, nyonga ya kulia, na ndipo akili yake ikasimama pale, kulia, kwa nini kulia, mguu wa kulia wa Docus ndio mbovu zaidi, kuuinua tu ni kazi, akitaka maji au choo hupiga kwa ule wa kushoto unaomtii, na tangu wameingia kwenye mstari huu anapiga kwa ule usiomtii, anauvuta kutoka mbali na kuuleta, mara kwa mara, upande wa kulia, upande wa uwanja ulio wazi, na mimi namwambia vumilia. Na siyo leo tu. Akakumbuka bila kutaka mwaka juzi kule Mbale, kwa bibi, msimu wa tohara, binamu yao Wanzala anatahiriwa, kijiji kizima kimeshuka na ngoma na kengele za mapajani, na shangazi akasema huyu mwingizeni stoo kidogo, wageni ni wengi, na Beldina akawekwa humo stoo akae naye kati ya magunia ya kahawa, na Docus akaanza kupiga mlango kwa mguu, na Beldina akamwambia shangazi kupitia kwenye ufa, "Anaogopa ngoma," na shangazi akapitisha blanketi wamfunike masikio, na Beldina akamfunika, akamshika kwa nguvu, na Docus akalia mpaka akalala, na kwenye basi la kurudi Jinja Docus alijaribu kusema kitu na Beldina akapokea, akasema najua, uliogopa... lakini mtu anayeogopa ngoma hapigi mlango kwa kufuata ngoma. Alikuwa anafuata ngoma. Pigo kwa pigo, mlango ule, sasa anausikia vizuri, alikuwa anacheza, alitaka nje, na mimi nilikuwa nyumba ile nzima mtu pekee aliyejua lugha yake na nikawaambia anaogopa. Na huko ndiko ninakotaka kumpeleka. Si stoo, hapana, kituo kina vitanda, kina mashine za kufuma, Geresom si mwongo... lakini nani amemuuliza, nani, baba hakumuuliza kama ambavyo mimi hakuniuliza, na mimi nimekuwa na kinyongo miaka miwili kwa kutoulizwa mara moja tu, na yeye je, yeye ana miaka ishirini ya kutoulizwa na hana hata pa kukiweka kinyongo isipokuwa kwenye kisigino kibovu.

Bwana Emma ameanza. Anakuja kutoka mwanzo wa mstari, anagusa vichwa vya waliobebwa kwa ncha ya kalamu, anahesabu kwa sauti, na yule askari wa magereza, mwenzake baba kazini, amesimama pale pale, leo hii hii baba atajua, na sketi iko chini ya godoro na pindo lake jipya, na kama jibu ni lile analodhani basi sketi itabaki pale, muhula huu na ule unaofuata na labda yote, na Beldina alijiona anaomba, ndiyo, anaomba kwa Mungu wa misa ya kota za magereza kwamba Docus aseme Mbale, aseme mwenyewe Mbale, iwe nilikuwa najua sawa muda wote... Akageuza shingo. Iliuma. Akaona jicho moja la Docus, karibu sana, na ukingo wa mdomo. "Docus. Mstari gani?" Na taya ikaanza. Ikaenda pembeni, ikarudi, pumzi ikaingia na kukwama, na neno likawa nusu njia na Beldina alikuwa tayari ameinua mikono ya akili kulipokea, kwa mazoea, akajing'ata ulimi.

Kalamu ilifika juu ya kichwa cha Docus.

"Bado," Beldina akasema.

"Bado nini, msichana? Umesimama hapa, uko hapa."

"Mimi si kura, bwana. Mwenye kura anasema. Ngoja amalize."

"Anasema nini, mimi sisikii kitu."

"Hata mimi sijasikia. Tungoje."

Na Bwana Emma, ambaye hakuwa amezoea kungojeshwa, alibaki na kalamu yake hewani, na mwanamke wa mbele akageuka na mwanawe mgongoni, na mstari ulikuwa pale pale, na kivuli pale pale, na Docus akavuta pumzi upya na kuanza tena kutoka mwanzo, na Beldina, ambaye bado aliitaka Mbale kwa moyo wake wote, akafunga mdomo akasikiliza.