Barabara Iliyohamia Sebuleni

Usiku wa kuamkia leo niliota, na ndoto ilinikuta nimeshashika kiuno, nagombana na barabara yetu sebuleni kwangu.

Ilikuwa imejikunja kama mkeka, kilomita sita zote, imekalia kochi la mume wangu. Tope lilikuwa limefika kwenye mapazia.

"Hapa kwangu watu wanafuta miguu mlangoni," nikasema.

"Sina miguu, Mama Sekela. Nyayo zote hizi ni za watu."

"Basi rudi nje. Mdogo wangu Tupokigwe anaolewa leo, na keki inatakiwa ifike kwenye lami saa nne. Gari la maharusi haliingii huku, dereva ameshakataa."

"Mimi nimeandikishwa kupitika kiangazi tu." Ikatoa kibao chake, kimeandikwa hivyo hivyo, na mhuri. "Sasa ni masika. Niko likizo."

Keki iko mezani, ghorofa tatu. Dirisha la ghorofa yake ya juu linafunguka, mpangaji anachungulia na nguo za kulalia.

"Mama mwenye nyumba, safari iliyopita tulipofika darajani tulihamia ghorofa ya pili bila kupenda. Hatuendi."

"Na kitanda chao bado kiko kwetu," anasema wa ghorofa ya pili.

Bata wawili wanabisha hodi. Wanataka kujua mashimo yao yamepelekwa wapi, maana wanaishi humo tangu Februari.

"Ninayo," barabara inawajibu, inayapanga juu ya zulia langu. Wanaingia kuoga.

Nikageuka kuwafukuza, kumbe tuko kanisani. Tupokigwe amesimama mbele, gauni jeupe mpaka magotini, kutoka hapo kushuka chini ni jekundu kwa tope. Mchungaji anauliza kama kuna kizuizi cha ndoa hii.

Barabara inanyoosha mkono. "Nipo."

"Kizuizi kikubwa kiasi gani?"

"Kilomita sita."

Mchungaji anaandika. Tupokigwe ananitazama. "Dada, fanya kitu."

Nikaikamata barabara ncha yake, nikaiburuta mpaka mlangoni, nikaikunjua. Pasi ya mkaa nilikuwa nayo mkononi, sijui tangu lini.

"Lala kifudifudi. Mgongo wote makunyanzi."

"Greda hunikwangua," ikasema polepole.

"Mimi si greda. Nimelea watoto wanne. Lala."

Nikaanza kupiga pasi. Mashimo yananyooka kama kola ya shati la shule, bata wananitukana nyuma. Kilomita ya tatu barabara inacheka. "Hapo hapo, Mama Sekela. Kushoto kidogo." Kilomita ya sita nikagonga lami, nikaamka.

Kumekucha. Bega la kulia linauma. Jikoni, binti yangu Sekela amefungua pasi amwage majivu.

"Mama, nani kaweka kokoto humu?"

Kokoto tatu nyekundu. Nikazigusa, bado zina moto.

"Shika keki upande ule," nikamwambia.

"Si baba amesema tusitoke, amekwenda kutafuta trekta?"

"Atatukuta kanisani."

Tukaipakia, nikawasha pikapu, nikaingia barabarani.